Wazee wa Kale Walikula Nini, na Walikula na Nani?

Mlo unaoitwa wa kale, au paleo kwa jina la mjini, una umri mdogo kuliko mama yangu. Mama alizaliwa kabla ya Uhuru. Kitabu kinachotajwa kuwa cha mwanzo kuunadi mlo huu, The Stone Age Diet, kilitoka Marekani mwaka 1975, na mwandishi wake alikuwa daktari wa matumbo aitwaye Walter Voegtlin. Miaka kumi baadaye, 1985, S. Boyd Eaton na Melvin Konner wakaliingiza wazo hilo kwenye jarida kubwa la udaktari, The New England Journal of Medicine. Halafu 2002 Loren Cordain akatoa The Paleo Diet, na kuanzia hapo mambo yakawa ya sokoni.

Hoja yenyewe ni rahisi kuielewa, na ndiyo maana imeenea. Binadamu ameishi kwa kuwinda na kuokota kwa zaidi ya miaka milioni mbili. Kilimo kina miaka kama 10,000 tu. Kwa hiyo, wanasema, miili yetu bado ni ya porini ila sahani zetu ni za shambani, na hapo ndipo magonjwa yanapoingia. Dawa yake: rudi kwenye nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na karanga za mitini. Acha nafaka, acha maharage, acha maziwa, acha sukari.

Kwetu Tanzania hoja hii ina utamu wa pekee, maana hao wazee wa kale wanaosemwa ni majirani. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa umejitokeza kwenye udongo wa Bonde la Olduvai. Mumewe, Louis, alikuwa kambini anaumwa siku hiyo. Lilikuwa fuvu lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, wakaliita Zinjanthropus, na kwa sababu ya magego yake makubwa likapewa jina la utani la mvunja-kokwa. Kila mtoto aliyesoma historia shuleni kwetu analijua fuvu hilo.

Sasa, huyo Zinji alikula nini? Kwa miaka mingi tuliamini alivunja kokwa ngumu. Uchunguzi wa kikemia wa meno ya jamii yake, uliochapishwa 2008 na 2011, ukaonyesha kitu kingine: sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago na mafunjo. Bwana mwenye magego alikuwa karibu zaidi na ng'ombe kuliko na mchoma nyama. Ni kweli kwamba yeye si babu yetu wa moja kwa moja, ni tawi la kando lililokauka. Lakini pale pale alipookotwa kuna mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe. Yaani bonde hilohilo lilikuwa na mla majani na mla nyama.

Ukienda kwa watu kama sisi hasa, orodha inazidi kuvurugika. Katika pango la Border, Afrika Kusini, watu walichoma mizizi yenye wanga miaka 170,000 iliyopita. Katika pango la Ngalue, Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa, zana za mawe zenye miaka kama 105,000 zimekutwa na chembe za wanga wa mtama pori. Na huko Jordan, Shubayqa, yameokotwa mabaki ya mkate uliookwa miaka 14,400 iliyopita, karibu miaka 4,000 kabla ya kilimo kuanza eneo lile. Nafaka iliyopigwa marufuku kwa jina la wazee, wazee wenyewe walikuwa wanaisaka.

Miili nayo haikusimama. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kuwa wafugaji wa huku walipata uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani ndani ya miaka elfu chache tu, kwa njia yao, tofauti na ya Wazungu. Kumwambia Mmasai aache maziwa kwa sababu mwili wake haujayazoea ni kutokuijua historia ya mwili wake.

Mambo haya nisingeyafuatilia kama yasingeingia nyumbani. Mama alipogundulika ana kisukari, ndugu mmoja alimtumia kwa simu orodha ya paleo, ndefu, iliyotafsiriwa nusunusu. Nyumbani kwetu Jumapili huliwa kwenye sinia: ugali katikati, mchicha, dagaa au samaki, maharage pembeni, mikono inakutana. Mama akaanza kuletewa sahani yake: kipande cha nyama choma, parachichi, kachumbari. Akakaa kwenye kiti, sisi tuko mkekani.

Niwe mkweli, sukari yake ilishuka. Kupunguza ugali mkubwa na kuacha soda si jambo dogo, na sitaki mtu asome makala hii akadhani nabeza ushauri wa daktari au vidonge. Lakini Mama ni mtu wa kusimulia akiwa anakula, na simulizi zikakatika. Wiki ya tatu akasukuma sahani na kusema, "Nimeshiba, ila sijala na mtu." Hakulalamikia ladha wala bei.

Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu, safari hii si kutafuta walikula nini bali walikula na nani.

Watu wanaoulizwa sana swali hilo ni Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda. Wako kama elfu moja na mia kadhaa, na ni wachache kati yao wanaotegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao. James Woodburn alianza kuwatafiti miaka ya 1950, Frank Marlowe akawaandikia kitabu kizima mwaka 2010. Chakula chao kina nguzo tano: asali, nyama, matunda madogo ya porini, ubuyu na mizizi. Wanachokipenda kuliko vyote ni asali. Ndiyo, kitu kitamu kuliko vyote ndicho cha kwanza. Wasichokipenda sana ni mizizi, lakini ndiyo inayopatikana hata mwindo ukikosekana. Wanawake huichimba kwa fimbo iliyochongwa ncha, huibabua motoni kidogo, watu hutafuna na kutema nyuzi. Ubuyu hupondwa kwa jiwe, unga wake ukachanganywa na maji. Ni ubuyu huohuo tunaouziwa mjini ukiwa umepakwa rangi nyekundu na sukari.

Mapishi ni hayo tu. Hakuna kikaango wala kijiko cha kupimia. Kitu kinachomshangaza mgeni ni baada ya mapishi. Mnyama mkubwa akiletwa kambini hawi mali ya aliyemlenga mshale. Hugawanywa kambi nzima, na mwenye bahati mbaya ya wiki hiyo hula sawa na wengine. Woodburn aliandika mwaka 1982 kwamba kugawana huku si hisani: ni dai. Mtu anaomba kama anayedai chake, na mwenye nacho anatoa bila kushukuriwa.

Ndipo wasomi walipoanza kuongelea furaha. Mwaka 1966, kwenye mkutano wa Chicago uliohusu jamii za wawindaji, Marshall Sahlins aliwaita hawa watu matajiri wa mwanzo, kwa maana kwamba wanataka machache na machache hayo yapo. Na mwaka 2020 ulichapishwa utafiti ulioulinganisha ustawi wa Wahadzabe na wa watu wa Poland kwa kuwauliza wenyewe. Wahadzabe walijitaja kuwa na furaha zaidi. Kuitafsiri furaha kutoka lugha moja kwenda nyingine ni kazi ngumu, kwa hiyo naupokea kwa tahadhari. Ila naupokea.

Tusiwapake asali kupita kiasi, lakini. Karibu nusu ya watoto wa Kihadzabe, kwa hesabu za watafiti, walikuwa wanafariki kabla ya kufika miaka 15. Kuna sehemu za mnyama ziitwazo epeme ambazo ni za wanaume waliotimiza masharti tu, na huliwa faraghani. Hata mlembe, yule ndege anayewaongoza kwenye nyuki, mara nyingi hapewi masega: huchomwa au kufichwa ili abaki na njaa aendelee kuongoza. Sahlins naye alikosolewa kuwa hesabu alizozitegemea zilipima saa za kutafuta chakula zikasahau saa za kukitayarisha. Aliyewahi kusonga ugali wa watu kumi anajua maana ya kosa hilo.

Na wakati vitabu vinauzwa kwa jina lao, wao wanahangaikia ardhi. Mashamba na mifugo ya majirani vimekula sehemu kubwa ya pori lao. Mwaka 2011 jamii za Yaeda zilipata hati za kimila za ardhi, ushindi mkubwa kwa watu wasiolima wala kujenga nyumba za kudumu za kuonyesha kuwa pale ni pao. Mzizi na mbuyu havina maana kwao bila mahali pa kuvitafutia.

Kwa hiyo nikiambiwa niutaje mlo wa kale, nitasema hauko mmoja. Kulikuwa na mlo wa pango na wa ziwa, wa masika na wa kiangazi, wa nyasi na wa nyama. Hata ugali tunaoulilia ni mgeni: mahindi yametoka Amerika, yamefika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, wakati mtama na ulezi vilikuwa hapa zamani. Kilichojirudia kambi kwa kambi ni kwamba mtu hakuhesabiwa chakula chake peke yake.

Mtaalamu wa lishe wa kliniki anayohudhuria Mama alipoelezwa, hakuikataa orodha yote. Alisema ugali upungue ufike ukubwa wa ngumi, uwe wa mtama au dona, mboga ziongezeke, maharage yarudi, na atembee jioni. Tumehamishia mabadiliko kwenye sinia lenyewe: sasa sote tunakula hivyo. Wadogo zangu wanalalamika kuwa donge limekuwa dogo. Mama anawaambia wale mchicha, halafu anaendelea na habari ya shangazi yake aliyetoroka na mwalimu mwaka 1968, ambayo hajaimaliza hadi leo.