Mahame ya Kolmanskop: Almasi, Mchanga na Picha

Katika jangwa la Namib, yapata kilomita 10 kutoka bandari ya Lüderitz kusini mwa Namibia, yako mahame ya Kolmanskop, yaani makazi yaliyoachwa na watu wake wote, ambayo leo huwavuta wapiga picha wa mataifa mengi kwa sababu mchanga umejaa vyumbani, milango imekwama nusu wazi, na rangi za kuta zingali zinang'aa jua la asubuhi linapopenya madirishani.

Chanzo cha mji huo ni jiwe moja. Mwaka 1908, nchi hiyo ikiwa koloni la Ujerumani, Zacharias Lewala, kibarua wa reli aliyewahi kufanya kazi Kimberley, Afrika Kusini, aliliokota alipokuwa akiondoa mchanga njiani, akatambua kuwa ni almasi, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch alijipatia haki za uchimbaji akatajirika. Lewala hakupata tuzo yoyote. Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza Sperrgebiet, eneo ambalo mtu asiye na kibali alikatazwa kuingia, lililoanzia Mto Orange likaenda kaskazini hadi latitudo 26 kusini na kuingia bara kiasi cha kilomita 100.

Kwa utajiri huo ulisimamishwa mji wa Kijerumani mahali pasipo na maji, ukiwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, ukumbi wa dansi na tamthilia, shule na kiwanda cha barafu. Mwanzoni almasi zilikuwa juujuu ya ardhi, hata vibarua walitambaa wakiziokota kwa mikono. Wengi wao walikuwa Waovambo wa kaskazini walioajiriwa kwa mkataba, yaani kwa muda maalumu na mbali na familia zao, wakakaa kambini, si katika majumba yanayosifiwa leo.

Tena reli yenyewe, ambayo bila hiyo Lewala asingefika hapo, ilijengwa kwa kazi ya shuruti ya mateka Waherero na Wanama, wenyeji wa koloni hilo, waliokuwa wakishikiliwa na Wajerumani katika kambi ya Shark Island huko Lüderitz, ambako watu wengi mno walikufa kati ya 1905 na 1907. Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba mauaji ya Waherero na Wanama ya enzi hiyo yalikuwa ya kimbari.

Kuanguka kwa Kolmanskop kulitokana na almasi zilezile: mwaka 1928 yaligunduliwa machimbo yenye mali zaidi upande wa kusini, karibu na mlango wa Mto Orange, watu wakahamia huko, na kufikia 1956 mji ulikuwa mtupu. Mwaka 1980 ulifanywa makumbusho, na kuingia bado kunahitaji kibali. Kwa kuwa upepo husogeza mchanga bila kukoma, chumba kilichopigwa picha mwaka huu hakitakuwa vilevile mwakani, na kwa sababu hiyo picha hizo ni kumbukumbu za kweli zinazostahili kuhifadhiwa pamoja na tarehe zake.

Hata hivyo, kumbukumbu inayoonyesha majumba ya wenye mali peke yake ni pungufu. Anayesafiri na kamera hadi Kolmanskop na afike pia Shark Island, ambako siku hizi watalii hupiga mahema, kisha azichapishe picha za mahali hapo pawili kwa pamoja.