Nchi Jirani: Odera Oruka na Haki ya Mtu Asiyekuwa na Kitu

Tukitaja wasomi wa Kenya tunazoea kuwataja waandishi wa riwaya na wanasiasa. Leo nakuomba tuvuke mpaka kumtazama mtu wa kazi nyingine: Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1944 upande wa Siaya.

Alikwenda Uppsala, Uswidi, kusomea sayansi, ikiwamo elimu ya hali ya hewa. Huko ndiko alikovutwa na falsafa, hasa ile inayohusu maadili na siasa. Mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi, katika idara iliyounganisha falsafa na masomo ya dini. Miaka kumi baadaye falsafa ilipata idara yake, naye akawa kiongozi wake.

Wengi humkumbuka kwa utafiti wa wazee wenye hekima. Wakati huo walikuwapo waliodai kwamba Mwafrika hana falsafa ya mtu binafsi, ana fikra za kabila zima tu. Oruka alikwenda vijijini na kinasa sauti, akawahoji wazee, wengine wasiojua kusoma wala kuandika. Angalia jinsi alivyowapambanua. Mzee anayeijua mila na kuieleza vizuri alimwita mwenye hekima ya jadi. Anayeihoji mila hiyo na kutoa hoja zake mwenyewe ndiye aliyemhesabu mwanafalsafa. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alikataa wazo kwamba Waluo wana Mungu wao peke yao. Mazungumzo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1990.

Kwangu mimi, hata hivyo, mwalimu wa uraia ana zaidi ya kujifunza katika maandishi yake juu ya haki. Mwaka 1976 alitoa kitabu kuhusu adhabu. Hoja yake ilikuwa ngumu kumezwa, na hata leo wanafunzi wangu huipinga kwa kelele: ikiwa uhalifu huzaliwa na hali ya jamii, kumwadhibu mhalifu huku hali ile ikiachwa vilevile si haki wala si dawa.

Baadaye aligeukia misaada ya nchi tajiri. Sisi tumezoea kushukuru kwa mikono miwili. Oruka alisema kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha uhai: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiyekuwa na hivyo hawezi kuzifaidi haki nyingine, wala hatuwezi kumdai aheshimu mali za wenzake. Basi msaada unaomfikisha hapo ni wajibu, si sadaka, na mipaka ya dola haiufuti wajibu huo.

Alitoa mfano wa familia moja yenye watoto sita, wawili matajiri na wanne maskini. Tajiri anaweza kudai kwamba jasho lake ndilo lililomtajirisha. Lakini wote wamelelewa na wazazi walewale. Bahati na urithi navyo vimefanya kazi yake. Dunia, alisema, ni mzazi wa namna hiyo.

Usidhani alijifungia chuoni. Mwaka 1987, katika kesi maarufu ya maziko ya wakili S. M. Otieno, ukoo wa Umira Kager ulipopambana mahakamani na mjane Wambui, Oruka alipanda kizimbani kutoa ushahidi juu ya mila za Waluo, upande wa ukoo. Ukoo ulishinda, Otieno akazikwa Nyalgunga. Hapo mimi namwona katika mtihani wake mwenyewe: mtu aliyewapenda wazee wanaoihoji mila ameitwa kuithibitisha mila mbele ya mwanamke anayeihoji.

Alifariki Nairobi mwezi Desemba 1995, akiwa na miaka 51, baada ya kugongwa na lori. Wanafunzi wake wameendelea kuyafundisha na kuyabishania aliyoyaandika.