Umio si Koo

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kula. Kwanza ilimkwama nyama, akasingizia meno. Kisha tonge la ugali likawa halishuki mpaka lisukumwe kwa maji, naye akaacha ugali akahamia ndizi za kuponda, kutoka ndizi akaja kwenye uji. Siku uji uliporudi ndipo akakubali twende hospitali. Binti wa mapokezi alimwamkia vizuri: "Shikamoo babu, unasumbuliwa na nini?" Mjomba akaitikia marahaba, akashika shingo, akasema neno moja: "Koo." Binti akaandika koo. Kwa neno hilo tukapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, tukapewa tarehe ya wiki 3 mbele. Ilipofika, daktari alimulika kinywani akatazama kwa makini, akasema koo halina kitu.

Alisema kweli. Tatizo lilikuwa kwenye umio.

Umio ni bomba la misuli, kwa mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 25. Huanzia koo linapoishia, hupita nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, hutoboa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kisha humwaga chakula tumboni. Chakula hakiteremki humo kama maji ya mvua kwenye mfereji. Misuli hukikamua kutoka juu kwenda chini, na ndiyo sababu aliyelala chali naye anameza. Koo ni ukumbi wa juu tu, pale njia ya pumzi na njia ya chakula zinapokutana kabla ya kuachana. Humo ndimo tunamowashwa tukipata mafua, na humo ndimo sauti inamokauka. Sehemu kubwa ya umio imo kifuani, wala tochi ya kinywani haifiki.

Kwa nini basi mgonjwa hushika shingo? Kwa sababu mwili wenyewe hudanganya. Chakula kikizuiwa chini kifuani, mara nyingi mtu huhisi kimekwama juu zaidi ya pale kilipo. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni ya lugha: neno umio halimo vinywani mwetu. Aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi Tanzania huenda alikutana nalo kwenye mchoro wa mfumo wa chakula, akalijibia mtihani, akaliacha darasani.

Na si neno la kutungwa na kamati. Ni la Kibantu, tena lina ndugu waziwazi: Wakikuyu husema mũmero, Wachewa wa Malawi husema mmero, na kote huko maana yake ni koo kwa jumla. Kiswahili kinalo shina hilohilo katika kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Hapa lugha yetu imefanya jambo la kuchekesha. Kinyama kile, kisichozidi ncha ya kidole, kina majina tele: kimio, kilimi, kidakatonge, na huku Bara kimeo, ambacho wazee wamekikata kwa watoto wenye kikohozi miaka nenda miaka rudi, mpaka vijana wakalichukua jina lake kuita kitu chochote kibovu. Bomba zima lililo chini yake, ambalo likiziba mtu anakufa njaa mbele ya sahani, limebaki na jina moja la kamusini.

Waliolichukua umio na kulipa kazi ya kitabibu walifanya vizuri. Hawakuleta neno geni la Kigiriki na kuliongezea irabu mwishoni. Walitwaa neno la nyumbani lililokuwa na maana pana na legevu, wakalikaza. Koo likabaki la juu, umio likawa la bomba. Kwangu hiyo ndiyo njia bora ya kupata istilahi. Dosari yake ni kwamba istilahi iliyokazwa hulegea tena isipotumiwa, na hii tumeiacha ilegee. Magazetini, redioni na hata kwenye mabango ya afya tunaendelea kusema "kansa ya koo", na kwa jina hilo tunajumlisha magonjwa yasiyotibiwa kwa namna moja wala na daktari mmoja.

Kansa au saratani, hilo silipigii kelele. Kansa imetoka Kilatini kwa njia ya Kiingereza, saratani imetoka Kiarabu, na huko kote zilikotoka maana yake ni yuleyule kaa wa baharini. Chagua kaa umtakaye.

Jirani wa umio, yaani tumbo, ana shida iliyo kinyume: neno linabeba mno. Mwenye tumbo anaweza kuwa mjamzito, mwenye kitambi au anayeharisha. Ndugu wa tumbo moja wamezaliwa na mama mmoja, wala hakuna anayedhani walikaa humo pamoja na wali. Kwenye fomu za hospitali napendelea mfuko wa chakula, maana mfuko wa uzazi umeshazoeleka na watu wanajua mifuko hiyo miwili ni mbalimbali. Tena tuna lile jina la jumla, "vidonda vya tumbo", ambalo kila mwenye maumivu chini ya chembe cha moyo hujipa mwenyewe na kununulia dawa dukani. Vidonda vingi kweli huletwa na bakteria. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia ndio waliolithibitisha hilo, Marshall akafika hadi kuwanywa bakteria hao mwaka 1984 ili aonyeshe wanavyowasha tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria haohao waliwekwa mwaka 1994 katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Kwa hiyo anayetibu "vidonda" mwaka mzima bila kupimwa huenda hatibu vidonda.

Huenda msomaji akaona nabishania majina. Basi atazame utafiti wa tiba ulivyokwenda, aone jina linavyoamua dawa.

Uvimbe ukiota pale umio unapoungana na mfuko wa chakula, uitweje? Kanuni za kimataifa za kupanga hatua za saratani, katika toleo lake la 8, zinapima kwa sentimita. Uvimbe unaogusa makutano hayo, kitovu chake kikiwa ndani ya sentimita 2 kutoka hapo kuelekea tumboni, huhesabiwa kuwa wa umio. Kikipita sentimita 2, ni wa tumbo. Upana wa kidole unabadilisha jina, na jina linabadilisha jedwali ambalo daktari anasoma.

Baada ya mahali huja seli. Utando wa ndani wa umio umejengwa kwa seli bapa, zilizopangana kama vigae, na saratani inayoanzia humo huitwa saratani ya seli bapa. Chini, karibu na tumbo, kiungulia cha miaka mingi kinaweza kuugeuza utando huo ufanane na wa tumboni, ikazuka saratani ya seli za tezi. Hii ya pili ndiyo iliyoenea Ulaya Magharibi na Marekani. Kwetu, katika ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya ukishuka hadi Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, karibu zote ni za seli bapa. Zote mbili tunaziita "koo".

Mwaka 2012 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio lililoitwa CROSS. Wagonjwa 366 waligawanywa makundi mawili: wengine wakapasuliwa moja kwa moja, wengine wakapewa kwanza wiki 5 za mionzi pamoja na dawa 2. Katika kundi la upasuaji peke yake muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 24. Waliotanguliziwa mionzi na dawa walifika miezi 49. Miongoni mwao wenye saratani ya seli bapa, karibu nusu hawakukutwa na seli hai hata moja ya saratani katika kipande kilichokatwa.

Kisha likaja jaribio la Ujerumani, ESOPEC, lililotangazwa Chicago mwaka 2024. Hili lilichukua wagonjwa 438 wenye saratani ya seli za tezi tu. Kundi moja lilitibiwa kwa njia ya CROSS. Jingine lilipewa mchanganyiko wa dawa 4 uitwao FLOT, kabla na baada ya upasuaji, bila mionzi. Muda wa kati ulikuwa miezi 37 kwa wa kwanza na 66 kwa wa pili. Kwa seli za tezi, basi, dawa 4 zimeshinda. Kwa seli bapa jaribio hilo halikusema neno, maana wenye seli bapa hawakuwemo. Anayesoma habari ya "tiba mpya ya kansa ya koo" akaikimbiza Bomet kule Kenya au Kilimanjaro anaweza kuwa amebeba ufunguo wa nyumba nyingine.

Hapo kuna istilahi nyingine inayonisumbua. Tiba inayotolewa kabla ya kisu wenzetu huiita neoajuvanti, jina lililoungwa kwa Kigiriki cha "mpya" na Kilatini cha "kusaidia". Ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata "msaidizi mpya", nalo halimwambii mgonjwa lolote. Mimi naandika tiba tangulizi. Neno hili linajibu swali ambalo mgonjwa anakuwa nalo kila mara: kama uvimbe upo, mbona hamnipasui, mnanizungusha? Hazungushwi. Kuna kinachotangulia kuupunguza uvimbe na kuziwahi seli zilizotoroka, ndipo kisu kifuate. Ile inayotolewa baada ya upasuaji naiita tiba fuatizi. FLOT, inayotolewa huku na huku, naiacha na maelezo yake, "ya kabla na baada", kwa sababu si kila dhana lazima ibanwe katika neno moja.

Upasuaji wenyewe una jambo la ajabu. Mwaka 1913, New York, daktari Franz Torek alimkata mama mmoja umio wenye saratani, akamwachia mrija wa mpira uliopita nje ya mwili kutoka shingoni hadi tumboni. Mama huyo alikula kwa mrija huo kwa zaidi ya miaka 10. Siku hizi mara nyingi tumbo lenyewe huchongwa kuwa bomba, likavutwa juu kifuani na kuungwa na kipande cha umio kilichobaki. Tumbo linakuwa umio. Mwanaistilahi anyamaze kidogo hapo.

Lakini wengi wetu hufika kisu kikiwa kimeshapitwa. Umio hutanuka, nao huficha uvimbe mpaka nafasi iwe finyu kabisa. Zaidi ya hapo, kwa sehemu kubwa hauna lile ganda la nje linaloufunika utumbo, hivyo saratani haikutani na ukuta inapotoka. Kwa wagonjwa wa namna hii, madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wamekuwa mfano. Walionyesha kwamba stenti, bomba la waya linalojitanua lenyewe, linaweza kuwekwa kwa msaada wa kamera bila ile mashine ya eksirei ambayo vitabu vilidai iwepo chumbani, na mwaka 2009 walichapisha matokeo yao. Stenti haiponyi. Inafungua njia, mtu akaweza kumeza.

Mjomba aliwekewa stenti. Wiki hiyohiyo alikunywa supu ya kuku, na siku ya Idi alikula wali, kidogokidogo, akitafuna kama anayehesabu punje. Aliishi miezi 7. Wakati wote huo aliendelea kunywa chai yake inayofoka, nami nilinyamaza, ingawa nilijua kwamba tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanakihesabu kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65 kuwa pengine kisababishi cha ugonjwa wake. Mzee wa miaka 71 humwambii apoze chai.

Nina ombi kwa wanaoandika fomu za ridhaa, mabango na habari za afya: andikeni umio, na mara ya kwanza kwenye ukurasa semeni ni bomba la chakula lipitalo kifuani. Na wewe msomaji, kama chakula kinakukwama kwa wiki mbili mfululizo, ukifika dirishani usishike shingo. Sema kumeza kunakushinda, omba kipimo cha kamera. Wakikata kipande kidogo cha kupima na majibu yakarudi kwamba ni saratani, uliza maswali mawili kabla ya kuondoka: iko wapi hasa, na ni ya seli gani.