Kura ya Ng'ambo: Mji wa Unguja na Uchaguzi wa 1957

Tangu zama za Seyyid Said, alipohamishia makao ya dola yake kutoka Maskati, mji wa Unguja ulikuwa miji miwili iliyotengwa na mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo, ambao wakati wa bamvua maji yake yaliuzunguka Mji Mkongwe hata ukakaribia kuwa kisiwa peke yake. Magharibi zilisimama nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya nakshi. Mashariki, baada ya kuvuka daraja lililoipa Darajani jina lake, zilitandaa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Pwani Ndogo ilifukiwa kidogo kidogo hata ikawa barabara na viwanja, lakini jina la Ng'ambo, lililopewa upande huo wa mashariki, halikuondoka, na wala hali iliyolizaa jina hilo haikuondoka. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuijua historia ya kura katika mji huu asianzie kwenye sanduku la kura. Aanzie kwenye ardhi.

Mkazi wa Ng'ambo aghalabu alimiliki kuta na paa, ila kiwanja kilichobeba kuta hizo kilikuwa cha mtu mwingine: Mwarabu mwenye shamba lililomezwa na mji, tajiri wa Kihindi aliyekinunua kwa tamaa ya faida, au kilikuwa ardhi ya wakfu. Zamani wengi walikaa kwa hisani, bila ya kudaiwa chochote, kwa kuwa kumweka mtu kwenye ardhi yako ilikuwa ni heshima kwako na himaya kwake. Lakini mji ulipokua na fedha ikatangulia mbele ya ujirani, ikaja kodi ya ardhi, na kodi ikapanda. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, wanawake na wanaume, walikataa kuilipa. Walipofikishwa mahakamani na baadhi yao kutiwa kifungoni, umati ulikwenda gerezani ukawatoa wenzao, na serikali ikalazimika hatimaye kuiwekea kodi hiyo mipaka. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo kura ya kwanza ya Ng'ambo, ingawa hapakuwa na karatasi wala msimamizi.

Kwani mahali pengine pa kusema hapakuwapo. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na wajumbe wake wasio watumishi wa serikali waliteuliwa kwa kabila: hawa kwa Waarabu, hawa kwa Wahindi, huyu kwa Wazungu, na Mwafrika hakuketi humo hadi mwaka 1946. Mambo ya mji wenyewe, yaani taka, mitaro, taa, masoko na vibali vya kujenga, yaliamuliwa chini ya utawala huohuo wa uteuzi, na wakazi walio wengi waliyapokea kama mtu apokeavyo mvua. Mgomo mkuu wa Agosti 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini na kuusimamisha mji mzima, ulionyesha kwamba subira ilikuwa imekwisha.

Ndipo alipokuja kamishna Coutts mwaka 1956, akashauri uchaguzi wa daftari moja kwa watu wote pasipo kutazama kabila. Viti vya Baraza vya kuchaguliwa vilikuwa sita tu, na masharti hayakuwa mepesi: mpiga kura awe mwanamume, awe ametimiza miaka 25, tena awe na elimu, kipato au mali ya kiwango fulani. Wanawake, waliokuwa mstari wa mbele mwaka 1928, waliachwa nje. Mji ukapewa viti viwili, kimoja cha Mji Mkongwe na kimoja cha Ng'ambo, na hivyo ile Pwani Ndogo iliyokwisha kufukiwa ikawa mpaka wa majimbo.

Jimbo la Ng'ambo ndilo lililotazamwa na visiwa vyote. Upande mmoja alisimama Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, chama kilichoundwa Desemba 1955, msomi na mhariri wa gazeti la Mwongozi. Upande wa pili alisimama Sheikh Abeid Amani Karume wa chama cha Afro-Shirazi, baharia wa zamani aliyewaongoza wenye mashua za injini zilizochukua abiria bandarini. Wapinzani wa Karume walikwenda mahakamani wakidai kwamba si mzaliwa wa Unguja, na mahakama ikalikataa dai lao. Tafakari, msomaji, uzito wa shauri lile katika mtaa ambao wengi wa watu wake babu zao walitoka bara: aliyeulizwa asili yake alikuwa mgombea mmoja, lakini kila mpangaji wa kiwanja alijiona naye yumo kizimbani. Julai 1957 Karume alipata kura 3,328 na Ali Muhsin 918. Katika Mji Mkongwe kiti kilikwenda kwa mgombea wa Muslim Association, na Hizbu haikupata hata kiti kimoja kati ya vile sita.

Nashika rai kwamba wengi wa wale 3,328 walipiga kura ya mji. Walikuwa wakijibu swali la kiwanja, la kodi, la nani mwenyeji na nani mgeni katika mtaa wake mwenyewe; lakini sanduku walilopewa lilikuwa sanduku la dola, na tangu siku ile haja za mtaa zikavikwa joho la siasa kuu. Mwaka 1958 ugomvi uliingia madukani na mashambani, watu wakasusiana biashara na mabasi, na maskwota wakafukuzwa mashambani. Januari 1961, wanawake walipopiga kura kwa mara ya kwanza, vyama vilikwenda sare, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Juni mwaka huohuo uchaguzi uliporudiwa, watu 68 waliuawa. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote na ikakosa serikali. Yaliyofuata tarehe 12 Januari 1964, yaani Mapinduzi, yanajulikana.

Baada ya Mapinduzi uchaguzi wa ushindani ulinyamaza kwa muda mrefu. Ulipofufuliwa mwaka 1995 chini ya vyama vingi, Baraza la Manispaa la mji nalo lilipata sheria yake mpya mwaka huohuo, na wakazi wakawachagua madiwani siku ileile waliyomchagua Rais, jambo ambalo kwa maoni yangu limemdhulumu diwani, maana mgombea wa mtaro na jaa la taka hasikiki mbele ya ngoma ya Rais. Meya huchaguliwa na madiwani ndani ya ukumbi, si na wananchi. Sheria ya Mamlaka za Serikali za Mitaa ya mwaka 2014 ikaleta mabaraza ya Mjini, Magharibi A na Magharibi B, kwa kuwa mji umekwisha kuipita Ng'ambo na kufika mbali mashambani. Na yule kiongozi aliye karibu zaidi na mlango wa mkazi, sheha, ambaye ndiye humtambua mtu kuwa mkazi wa shehia yake, hachaguliwi kabisa. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa.

Ama lile swali la kiwanja, kura haikulijibu. Serikali ya Mapinduzi iliitaifisha ardhi yote, kodi ya kiwanja ikafutika, na sehemu kubwa ya nyumba za udongo ikabomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Leo mkazi wa Ng'ambo anayetaka hati ya kiwanja chake hamwendei diwani aliyempigia kura, wala Meya. Huenda Kamisheni ya Ardhi, ambako hakuna anayeketi kwa kuchaguliwa.