Elfu mbili za shosho zilitoka wapi?

Uzi mfupi, kwa sababu kampeni zikifika huku Rhonda hakosi mtu wa kusema pesa za bure zinafanya watu wa mashambani kuwa wavivu.

Zilianza 2004, kwa majaribio, kusaidia familia zilizokuwa zinalea mayatima wakati ukimwi umemaliza wazazi. Shilingi 500 kwa mwezi. Zikapanda hadi 1,500, halafu 2,000. Mwaka wa 2018 wakaingizwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni ya serikali. Hiyo ndiyo Inua Jamii.

Sasa huo uvivu. Kule Siaya shirika la GiveDirectly liligawia nyumba maskini zaidi ya 10,000 karibu dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia. Watu hawakuacha kazi. Hata jirani ambaye hakupewa kitu alifaidika, maana pesa ilizunguka: fundi wa mabati, mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga. Bei nazo zilipanda kidogo sana.

Lakini zile zilikuwa pesa za kununua ng'ombe. Shosho wa Inua Jamii bado anapata elfu mbili ileile ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mara nyingi inachelewa. Mimi ningetaka tubishane hapo. Ikichelewa, mwenye duka kijijini anaandika deni, kisha simu inapigwa huku Rhonda, kwa kijana wa mjengo ambaye mwenyewe hajalipa nyumba.