Gari la Kasi na Urithi Wake: Betri Dhidi ya Petroli ya Kutengenezwa

Gari la kasi la umeme hulaumiwa kuwa anasa ya matajiri, na lawama hiyo ina msingi. Tesla Roadster, lililoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2008, liliuzwa kwa takriban dola 100,000, likabeba watu wawili, na idadi iliyotengenezwa haikufika 2,500. Lakini teknolojia ghali yafaa ipimwe kwa kile inachowarithisha wanunuzi wa baadaye. Kasi yenyewe haikuwa ngeni kwa umeme: mwaka 1899 Camille Jenatzy aliupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa karibu na Paris, kwa gari la betri. Kilichokosekana kwa karne nzima ni namna ya kubeba nishati ya kutosha safari ndefu. Betri ya Roadster iliunganisha seli 6,831 za lithiamu, za aina iliyokuwa ikitumika kwenye kompyuta za mkononi. Seli zilikuwepo, kazi ilikuwa kuzipoza kwa kimiminika, kuzisimamia kwa pamoja na kuzuia moto wa seli moja usienee kwa jirani zake. Gharama ya kujifunza hayo ilimezwa na bei kubwa ya gari, na ujuzi ukashuka hadi Model S ya 2012, kisha Model 3 ya 2017.

Pingamizi zito zaidi linahusu kobalti, ambayo sehemu kubwa zaidi duniani huchimbwa Kongo, na baadhi yake na wachimbaji wadogo wanaohatarisha maisha mashimoni, watoto wakiwemo. Hapa lazima tukiri kwamba gari la kasi halikuleta dawa. Betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa, zilikuzwa zaidi na mabasi na magari ya bei nafuu ya China, kwa kuwa gari la kasi hutaka nishati nyingi katika uzito mdogo. Gari la kasi kama maabara, basi, lina mipaka.

Hata hivyo, mpinzani mkuu wa gari hilo la betri, yaani petroli ya kutengenezwa, hana hata urithi huo. Kiwanda cha Haru Oni kusini mwa Chile, kinachoungwa mkono na Porsche, kilianza Desemba 2022 kutengeneza petroli kwa upepo, maji na kaboni dioksidi. Kila hatua hupoteza nishati, kisha injini hupoteza zaidi ya nusu ya iliyobaki kama joto. Kwa makadirio ya kawaida, nishati inayofika magurudumuni haifiki moja ya sita ya umeme uliotumika, ilhali gari la betri hutumia zaidi ya theluthi mbili. Seli za haidrojeni ziko katikati, karibu zaidi na petroli hiyo. Watetezi wa petroli hiyo husema upepo wa Patagonia ni mwingi na uko mbali mno kuletwa Ulaya kwa nyaya. Ni kweli, na ndiyo sababu mafuta yake yangetangulia kwenda kwa ndege na meli za masafa marefu, ambazo betri haziziwezi. Ujerumani ilipodai mwaka 2023 kwamba magari ya mafuta hayo yaendelee kusajiliwa baada ya 2035, mwaka ambao Umoja wa Ulaya ulikuwa umepanga kukomesha magari mapya ya mafuta, iliziombea injini za barabarani fungu ambalo ndege zinalihitaji zaidi.