Kushikamana na Kupasua: Habari ya Neno "Cleave"

Mwalimu huweza kuogopa swali la mtoto kuliko macho ya mkaguzi. Sisi swali hilo lilitupata darasani. Kijana mmoja alikuwa akisoma katika Biblia ya Kiingereza habari ya mtu kuwaacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Neno "cleave" hakulijua, akalitafuta katika kamusi, na maana ya kwanza aliyoiona ni kupasua, kama mtu apasuavyo kuni. Akauliza, "Bwana Mwalimu, je, ndoa ni kuunganishwa au ni kupasuliwa?" Wenzake walicheka, nasi tulinyamaza, kwa maana jibu hatukuwa nalo. Baadaye tulitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, hilo si neno moja bali ni mawili. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, walisema "clifian" kwa kushikamana, na "cleofan" kwa kupasua. Kila moja lilikuwa na ukoo wake. Katika ukoo wa lile la kwanza limo "clay", yaani udongo wa mfinyanzi ugandamao mikononi. Katika ukoo wa lile la pili limo "cleaver", kisu kipana kizito ambacho wauza nyama hukatia mifupa. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, hata leo hugandisha karatasi kwa neno "kleben", na huko kusini wako wapasuao kuni kwa neno "klieben".

Lakini matamshi ya watu hubadilika kizazi baada ya kizazi. Kufikia karne ya 14 maneno yale mawili yalikuwa yamekaribiana mno, na mwishowe yakaandikwa sawasawa. William Tyndale alipopiga chapa tafsiri yake ya vitabu vya Musa, mwaka 1530, alilitumia neno hilo kwa mume na mkewe. Nayo Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikamfuata. Katika Biblia hiyo ya 1611, Ruthu ashikamana na mavyaa wake Naomi kwa neno "clave", na Ibrahimu apasua kuni za sadaka kwa neno "clave" lile lile. Katika Kiebrania hakuna mashaka: neno la Ruthu ni "dabak", ndilo pia la mume na mke, na la kuni za Ibrahimu ni jingine kabisa.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi tuna kaa la moto, na kaa wa pwani, na kaa kitako, wala hayo si ndugu. Ila katika jambo hili Kiswahili kimejihadhari. Twabandika na twabandua. Kitu chaambata, na gome la mti twaliambua. Shina ni moja, na mwisho wa neno ndio utuambiao kama vitu vyakutana au vyaachana. Kiingereza hakina alama hiyo, basi msomaji hana budi kutazama neno lifuatalo. "Cleave" likifuatwa na "to" au "unto", ni kushikamana. Likifuatwa papo hapo na kitu chenyewe, kama vile kuni, ni kupasua.

Siku ya pili tulimweleza kijana yule mbele ya wenzake. Tulimwambia kwamba ndoa katika andiko lile ni kushikamana, wala mume asitafute humo udhuru wa kumwacha mkewe. Tena tulimwambia kwamba hakukosa kufungua kamusi, bali alikosa kuifunga mapema, kabla ya kufika kwenye maana ya pili. Nasi tulikosa zaidi kwa kunyamaza. Ingalitupasa kusema, "Sijui, nitatafuta." Maneno hayo hayamwaibishi mwalimu, na mtoto ayasikiaye hujifunza kutafuta yeye mwenyewe.